Chungu Kilichozaliwa na Pua

Katika mji wa Kabambare, mtu akiona chungu kimetobolewa kitako haulizi kimepatwa na nini. Anauliza nani amekufa. Mwanamke akifariki, ndugu zake huchukua chungu chake cha kupikia, wakakigonga kwa jiwe mpaka kitoboke, wakakifudikiza juu ya kaburi, ili asije mwingine akapikia jasho la marehemu. Chungu kimeuawa, kimemfuata mwenyewe. Waliobatizwa misheni na waliosali msikitini walibishana mambo mengi miaka ile, lakini hili hakuna aliyelibishia.

Basi hebu fikiria siku moja ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na sita, enzi za Wabelgiji. Placide, monitere wa kilimo, mwalimu wa wakulima, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama yenyewe, aliwakusanya watu mbele ya ofisi ya serikali. Akawaambia kwamba Madamu, mke wa mkubwa wa pale, anagawa vipande vya maua mekundu yanayoitwa zeranio. Kila anayetaka atapewa kumi na viwili, avioteshe katika vyombo sita, na chombo lazima kitobolewe chini kwa msumari. Wanawake wakavuta watoto wao karibu.

"Mumesikia?" Placide akauliza. "Tundu moja, chini. Maji ipate njia ya kutoka."

"Tumesikia," akajibu mwanamke mmoja kwa niaba ya wote. "Wewe nenda kwanza utoboe nyungu ya mama yako, sisi tutafuata."

Mama yake Placide alikuwa hai, na chungu chake kilikuwa jikoni, kizima, kinachemka.

Aliyejibu hivyo ni Mwanvua, na kisa hiki ni chake. Alikuwa mfinyanzi, mama wa watoto watano, mwenye mikono mipana na mdomo usiojua kulala. Siku hiyo hakuja kwa ajili ya maua. Angekuwa na raha zake asingetembea hata hatua kumi kufuata ua lisiloliwa. Alikuja kwa sababu ya vigingi.

Vigingi vilikuwa kumi na viwili. Watu wa serikali walikuwa wamevipigilia kuzunguka udongo wa kijito cha Kalolo, udongo mweusi ukiwa mbichi, mwekundu ukiungua, ambao bibi yake Mwanvua aliuchimba, na mama yake, na yeye mwenyewe tangu meno ya utoto hayajamtoka. Ilisemekana baada ya sikukuu ya Wabelgiji ya mwezi wa saba utachukuliwa wote kufyatulia matofali. Hapakuwa na udongo mwingine wa kufinyangia kwa mwendo wa siku nzima. Mwanvua aliposikia hakumtuma mtu. Mkutano ulipokwisha alikwenda mwenyewe mpaka barazani kwa Bwana Agronomu, Mbelgiji mwembamba mwenye kushughulikia mashamba, na huyo ndiye aliyesema ukweli bila kuupaka asali.

"Nyungu yenu siku hizi nani anapikia? Watu wote wanapikia mu sufuria ya duka ya Sumaili. Udongo haiwezi kukaa bure, mama."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Mwanvua akatupa macho huku na huku, akaona nyuma ya ofisi miche ya michungwa imepangwa kwenye vikapu, na vikapu vimeliwa na mchwa hata udongo unamwagika.

"Bwana, ile miti yako inalala chini," akasema. "Utaiotesha mu kitu gani sasa?"

Bwana Agronomu akacheka, kisha akaacha kucheka. Michungwa ilikuwa mia tatu, na mchwa hawakuwa na sikukuu. Akatamka mbele ya Placide, na Placide akaandika: Madamu anagawa maua, basi maua ndiyo yatakuwa jaribio. Chombo ambacho ua litaishi ndani yake vizuri hadi tarehe ishirini na moja ya mwezi wa saba, ndicho atakachoagiza mia tatu. Kikiwa chungu cha Kalolo, vigingi vitang'olewa. Kikiwa kingine, matofali.

Kwa hiyo Mwanvua alichukua vipande vyake kumi na viwili na kurudi navyo nyumbani amevishika mbali na mwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

Watatu ndio waliojitokeza kushindana. Wa pili alikuwa Placide mwenyewe, ambaye alichukua madebe sita ya mafuta ya taa, akayatoboa kwa msumari bila kuogopa (debe halina kaburi), akayapaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya ofisi. Wa tatu alikuwa Sumaili, mwenye duka, mtoto wa mjini Kasongo, wa zile familia za zamani zilizokuja na biashara. Sumaili alileta mabeseni sita meupe ya enameli, yenye waridi limechorwa ubavuni, yanayong'aa mpaka kuku wakajitazama humo. Hakuyatoboa. Si kwa kuogopa kifo. Nani atachukua msumari atie kidonda beseni jipya?

"Mama Mwanvua," Sumaili alimwita siku hiyo akipita, "chombo unachagua sawasawa na mukwe. Kwanza uangalie sura."

"Mukwe wa sura tupu," Mwanvua akamjibu, "binti anarudi nyumbani mavuno haijafika."

Lakini moyoni hakuwa na nafasi ya mzaha. Alifinyanga vyungu sita vizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga. Aliviwekea shingo nyembamba, akavichora mistari mitatu kwa ukindu, akavisugua kwa kokoto ya mtoni hadi vikateleza. Vilipotoka motoni vingali vyekundu akavinyunyizia maji ya magome, kama inavyofanywa kwa mitungi, ili viwe vigumu na visipitishe hata tone. Chungu kisichovuja ndiyo heshima ya mfinyanzi. Tundu hakutia. Angetiaje?

Akapanda vipande viwili viwili, akamwagilia asubuhi na jioni, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimeingia na majani ya uwanjani yalikwisha kuwa makavu. Mume wake André alimwambia mara moja kwamba maji yamezidi. Mwanvua akamuuliza kama yeye ndiye aliyezaliwa siku ya mvua na kupewa jina lake. André, mtu wa amani, akaenda kutafuta kuni.

Wiki ya tatu majani yakageuka manjano. Ya nne, mashina yakawa meusi kuanzia chini, na ukiinamia chungu unasikia harufu ya kitu kilichosahauliwa. Mwanvua akakimimina chungu kimoja, udongo ukatoka kama uji wa mgonjwa. Cha pili vilevile. Vipande vinane vilikuwa vimeoza. Vinne vilibaki na kijani kidogo kwenye ncha.

Alishuka hadi Kalolo peke yake. Wafyatuaji walikwisha kuchimba shimo la kujaribia, na tofali moja lilikuwa limeanikwa juu ya jani la mgomba, bichi, pembe nne, bila mdomo wala tumbo. Mwanvua alilitazama akalia. Hakulia maua. Alilia mikono yake, kwamba itakuwa na kazi gani kesho, na kwamba binti zake watakuja kumuuliza bibi alikuwa anafanya nini, na yeye atawaonyesha ukuta wa nyumba ya mzungu.

Akafuta uso kwa kanga, akarudi nyumbani, akachukua maji machafu ya vyombo akazunguka nyuma ya jiko kuyamwaga pale anapoyamwaga kila siku. Hapo ndipo aliposimama.

Nyuma ya jiko kulikuwa na chungu kikuukuu cha mama yake ambacho kuku walikuwa wakitagia zamani. Kuku walikiacha kikiwa kimejaa vumbi na mavi yao, na ndani yake mchicha ulijiotea bila kuombwa na mtu. Ulimfika magotini. Ulikuwa na majani mapana kama sahani, na kila siku aliumwagia maji mengi kuliko aliyoyapa yale maua ya watu. Mbona huu hauozi?

Akakiinua kile chungu. Chini yake maji yalidondoka, tone, tone. Na kwenye kitako, kutoka katika matundu madogo, mizizi myeupe ilikuwa imechungulia nje.

Mwanvua akakaa chini pale pale kwenye matope. Alikijua chungu kile. Alipokuwa mdogo, kabla chumvi ya dukani haijafika kila nyumba, mama yake alikuwa akichoma majani ya kinamasi, akayatia majivu yake ndani ya chungu hiki, akamimina maji juu, na maji yakashuka kwenye matundu yakiwa na chumvi, yakachemshwa hadi yakauke. Kila mama alikuwa na chungu chake cha chumvi. Kila kimoja kilikuwa na matundu. Na katika miaka yote hiyo, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukiona akauliza nani amekufa.

"Kumbe wewe ulikuwa hapa," akakiambia, "na mimi ninazunguka kama kipofu!"

Siku iliyofuata alianza upya, na safari hii alifanya kila jambo kinyume na fahari yake. Udongo aliuchanganya na vigae vilivyopondwa, vikubwa vikubwa, ili chungu kiweze kupumua. Shingo hakukiwekea. Mdomo aliuacha wazi, mpana kuliko kitako, kama kikapu cha kubebea muhogo. Hakukisugua kwa kokoto, na maji ya magome aliyaweka mbali asije akajisahau. Na udongo ungali mbichi, laini kama shavu la mtoto, alisema bismillahi na kuzamisha kidole gumba katikati ya kitako mpaka kikatokea upande wa pili.

Siku ya kuchoma, wifi yake Cécilia alifika na mzigo wa nyasi kavu kichwani. Cécilia alikuwa dada yake André, mwimbishaji wa kanisani, na kwa miaka kumi na minane hakuna chungu cha Mwanvua kilichoingia motoni bila nyasi zake. Akaviona vyungu vimeegemezwa ukutani, vitako vimetazama nje, tundu na tundu na tundu. Akaubwaga mzigo.

"Sita!" akapiga ukelele. "Mwanvua, watoto ya kaka yangu iko tano, na yeye mwenyewe ni sita. Unabakia wewe peke yako, siyo? Ndiyo hesabu yako?"

Pale Kabambare sauti ya Cécilia ilitosha kuita majirani bila ngoma. Wanawake wakaja, mikono kichwani, mmoja amebeba mwiko wenye ugali bado. Mwanvua aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa.

"Cécilia," akauliza, "pua yako, nani aliitoboa?"

"Ni Mungu."

"Ulikufa?"

Mkono wa Cécilia ulipanda wenyewe hadi puani.

"Nyungu ya kaburi inatobolewa ikiwa imeisha kuiva," Mwanvua akaendelea. "Ilikuwa nzima, mutu akaiua na jiwe. Hii yangu sikuiua. Imezaliwa na pua yake, mbele ya kuingia mu moto. Inapumua. Na kama munaogopa pua, mungoje." Akaingia nyuma ya jiko akatoka na chungu cha chumvi, mchicha ungali unayumba ndani yake. Akawageuzia ubavu waone kitako. "Hii je? Nani hapa hakukula munyu ya nyungu kama hii? Aseme. Mama zetu walituua?"

Kisha Cécilia akasogea, akaangalia. Akanyoosha kidole akakipitisha kwenye tundu moja, akakitia ulimini kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto, mama yake asipoona.

"Munyu imeisha," akasema kwa huzuni.

Wanawake wakacheka hadi mwenye mwiko akaangusha ugali. Wakati wa kicheko Cécilia aliuokota mzigo wake wa nyasi, lakini kabla ya kuutandika alimshika Mwanvua mkono. Alitaka neno moja. Chungu hiki na pua yake kiishi, sawa, lakini kisifudikizwe kamwe. Tundu juu, mdomo chini, hapo hakuna tena maneno ya pua. Hapo ni kaburi. Mwanvua aliapa mbele ya wote, na moto ukawashwa.

Cécilia ndiye aliyeokoa maua pia. Mwanvua alipochukua zile ncha nne za kijani akataka kuzipanda mara moja, wifi yake alimpiga mkononi. Muhogo unapandaje? Ukikata kijiti na kukizika papo hapo kingali na maziwa, kinaoza. Kiache kivulini jua moja, kidonda kikauke, ndipo ukizike. Zile ncha zilikuwa na vifundo, zikakatwa zikawa vipande sita, zikalala kivulini siku nzima juu ya ungo, na kesho yake kila kimoja kikapata chungu chake. Ndani, juu ya tundu, Mwanvua aliweka kigae kimoja bapa ili maji yapite na udongo ubaki. Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema wahenga. Sasa ua lake nalo lilikalia gae.

Akamwagilia mara moja tu, asubuhi, akangoja maji yadondoke chini, akaondoka. Vyungu vilitoa jasho ubavuni na kubaki baridi hata jua la saa saba. Siku ya kumi na tano jani jipya lilitokea, dogo, limekunjwa kama ngumi. Mwanvua alipiga kigelegele peke yake uwanjani, na André akatoka ndani akidhani kuna mgeni.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja ya mwezi wa saba, bendera zilikuwa juu na watu walikuwa wametoka mbali, hata kule Wamaza, kwa miguu kuja kuona sikukuu. Vyombo vilipangwa kwenye baraza la ofisi. Mwanvua na Cécilia walishuka na vyungu vyao kichwani, kila mmoja na safari tatu, na Mwanvua alipoweka cha mwisho alijisikia vibaya. Vyungu vyake vilikuwa vikavu, vyekundu, bila mapambo. Mimea ilikuwa mifupi, na ni mmoja tu uliokuwa umechanua, ua moja. Mabeseni ya Sumaili pembeni yake yaling'aa kama meno, na maua yamejaa tele, mekundu, yameinuka.

"Mashallah," Mwanvua akamwambia Sumaili, maana mgala muue na haki yake umpe.

Sumaili akakohoa, akaangalia bendera.

Bwana Agronomu akaanza na madebe. Majani yalikuwa na ukingo wa kahawia, kama yaliyopitishwa motoni. Akaweka kiganja ubavuni mwa debe akakiondoa haraka, kwani baraza lilikuwa limepigwa na jua tangu asubuhi. "Placide, unaotesha ao unapika?" akauliza. Watu wakacheka, na kaptula ya Placide kwa mara ya kwanza ikaonekana kulegea.

Akafika kwenye mabeseni. Akayasifu. Madamu naye akayasifu, akapiga makofi. Kisha Bwana Agronomu, mtu wa mizizi, akalishika ua moja shinani akalivuta kidogo. Likamfuata. Lilitoka safi, limekatwa kwa kisu, bila hata uzi mmoja wa mzizi. Akavuta la pili. La tatu. Yote yalikuwa matawi yaliyochomekwa matopeni alfajiri ile, na kila mtu aliyekuwa amepita nyuma ya nyumba ya Madamu asubuhi sasa akajua kwa nini bustani yake ilikuwa na upara.

"Yale mengine yalikunywa mingi, yakalewa, yakakufa," Sumaili akakiri, mikono juu. "Mimi niliyaletea ndugu zao kwenye matanga."

Hata Madamu alicheka, ingawa alikuwa akihesabu upara wa bustani yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Sumaili alijua kutembeza.

Ndipo Bwana Agronomu akakiinua chungu cha Mwanvua chenye lile ua moja. Akakigeuza huku na huku, akaona tundu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitaka kuona mizizi. Akaweka kiganja juu ya udongo, shina likapita kati ya vidole vyake, na kwa mkono wa pili akaanza kukifudikiza.

"Yeeee!" Baraza zima lilipiga yowe. Mama mmoja wa Wamaza akaziba macho ya mwanawe. Cécilia alishika msalaba wake shingoni. Bwana Agronomu akaganda, chungu kimelala ubavu mikononi mwake, hajui amekanyaga nini.

Mwanvua hakufikiri. Angefikiri, asingethubutu. Alipanda ngazi mbili za baraza kwa hatua moja, akamshika mkubwa wa mashamba mikono yote miwili mbele ya serikali na bendera, akakirudisha chungu kikae wima.

"Bwana, hapana! Hii haifudikizwe. Niliapa."

"Sasa mizizi nitaiona namna gani?"

Mwanvua alisimama na chungu mikononi, watu mia mbili wanamtazama, na vigingi kumi na viwili vinangoja Kalolo. Kidole gumba chake, kwa mazoea tu, kilikwenda kitakoni kikaingia katika tundu lililotengenezwa nacho. Kikagusa kigae. Akasukuma.

Kigae kikapanda. Udongo ukapanda nao, wote pamoja, taratibu, ukitelezea kwenye ule mdomo mpana, mpaka ua na shina na donge la udongo vikachomoza juu ya mdomo wa chungu, wima, bila jani moja kutikisika. Mizizi ilikuwa imelizunguka donge kama wavu, myeupe, minene, mizima. Mwanvua akakishusha kidole, donge likarudi ndani likakaa. Akalipandisha tena.

Bwana Agronomu akavua kofia. Akaomba afanye mwenyewe. Akaingiza gumba lake jembamba, akasukuma, ua likapanda. Akashusha. Akasukuma tena, uso wake umekuwa wa mtoto aliyepewa gari la bati. Alikuwa akiwaza michungwa mia tatu, na vikapu alivyokuwa akivikata kwa kisu kila mara anapohamisha mche, na mizizi inayokatika humo.

"Mia tatu," akasema kwa sauti. "Placide, andika. Mia tatu ya Kalolo. Na mwezi wa kumi na mbili mia tatu ingine, kwa kahawa."

"Na vigingi?" akauliza Mwanvua. Hakukiachia chungu.

"Ving'olewe."

"Andika na hiyo, Placide," akasema Mwanvua. "Nataka kuona kalamu inatembea."

Kalamu ikatembea. Cécilia ndiye aliyeanza kigelegele, sauti ile iliyoongoza kanisa miaka yote, na wanawake wakaidaka, Wakristo na Waislamu, hadi sauti ikafika kanisani ambako kengele haikuwa imepigwa. Mwanvua aliinuliwa juu na hakukataa. Alicheka na kulia pamoja, na kile chungu alikishika wima juu ya vichwa vya watu, ua lake moja limeinuka. Chini yake Sumaili alikuwa akipaza sauti kwamba lori lake litasomba vyungu hivyo mpaka Kasongo, kwani yeye alijua tangu mwanzo, sura si kitu.

Hakungoja kesho. Jioni ile ile, angali na nguo za sikukuu, Mwanvua alishuka Kalolo na kung'oa vigingi kwa mikono yake. Vingine viligoma, akavipiga teke. Kumi na kimoja alivifunga mzigo vikawa kuni za kuchomea. Cha kumi na mbili alikichonga ncha kikawa cha mviringo, unene wa gumba lake, maana gumba moja haliwezi kutoboa vyungu mia tatu bila kuvimba. Kwa kigingi kile cha serikali alivipa vyungu vyake vyote pua.

Wiki mbili baadaye, vyungu mia na zaidi vilikuwa vimeanikwa kando ya barabara, vimelazwa ubavu, vitako vimetazama njia. Msafiri mmoja kutoka mbali, wa upande wa Salamabila, alitokea kwenye kona. Akaona tundu baada ya tundu, safu baada ya safu. Akashuka kwenye baiskeli yake, akavua kofia.

"Poleni, mama. Poleni sana. Wote hawa... nani walikufa?"

Mwanvua aliinua uso, udongo umemfika kwenye viwiko, kigingi mkononi.

"Ni matofali, baba," akasema. "Tumeyazika. Pita tu, usilie."